Ukitaka kusomea eksirei Mwanza: kuanzia kuchagua chuo hadi siku unapopata leseni

Mzazi akinipigia simu kuhusu mwanawe anayetaka kusomea mionzi, swali lake la kwanza huwa ada ni shilingi ngapi. Nami namuuliza: hicho chuo kina mashine ya eksirei, na wanafunzi wake wanafanya mazoezi hospitali gani? Wengi huwa hawajaulizia. Wameona jengo zuri, wameona vijana waliovaa makoti meupe, wakaridhika.

Mwongozo huu ni kwa kijana wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, Misungwi au Geita aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na anaifikiria kazi hii. Nimeifanya kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu ubora wa fundi wa eksirei unaonekana kwenye jambo moja: picha ya kwanza iwe ndiyo ya mwisho. Kila picha inayorudiwa inampa mgonjwa mionzi ambayo hakupaswa kuipata. Kama mguu umevunjika, inamlazimu pia kugeuzwa tena huku anaugulia. Ustadi wa kupata picha kwa mara moja hauji kwa kusoma notisi tu, kwa hiyo nimepima karibu kila kitu hapa chini kwa kipimo hicho.

Kwanza ijue kazi yenyewe

Mtaani kila anayevaa aproni nzito huitwa daktari wa eksirei. Hospitalini tuko watu wawili tofauti. Anayepiga picha ni mteknolojia wa mionzi, au radiografa. Anayesoma picha na kuandika ripoti ni daktari wa radiolojia, yaani mtu aliyesomea udaktari kwanza kisha akabobea. Wewe unakwenda kusomea kazi ya yule wa kwanza. Ndani yake kuna eksirei za kawaida, CT skani, picha za matiti, picha za kufuatilia dawa inavyopita tumboni, na MRI kwenye hospitali zilizo nayo. Eksirei na CT hutumia mionzi inayoweza kudhuru chembe hai za mwili. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, kwa hiyo hizo mbili hazina mionzi ya namna hiyo. Kutibu saratani kwa mionzi, kazi inayofanyika pia Bugando, ni tawi jingine lenye mafunzo yake.

Kwa ukanda wetu kazi haikauki. Kuna mifupa iliyovunjwa na bodaboda, vifua vya washukiwa wa kifua kikuu, mapafu ya wachimbaji waliovuta vumbi la mawe kwa miaka, na watoto waliomeza sarafu. Kuna pia maini yaliyoharibiwa na kichocho cha ziwani, ambayo huonekana vizuri kwa altrasaundi.

Angalia cheti chako kabla ya kuota

Stashahada ya radiografia huchukua miaka mitatu, ngazi ya NTA 4 hadi 6 katika mfumo wa elimu ya ufundi. Msingi wake ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Fizikia, Kemia na Biolojia. D inahesabiwa kuwa ni ufaulu. Hisabati na Kiingereza usivipuuze. Soma sifa za kozi yenyewe kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, maana mtu anaweza kukuambia sifa za uuguzi akidhani za afya zote ni sawa.

Kama umekosa Fizikia kwa F, rudia mtihani wa somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mwaka mmoja, na unaokoa mengi. Nimeona vijana wakidanganywa kwamba "tutakuingiza tu", wakalipa muhula mzima, kisha majina yao hayakuthibitishwa.

Waliomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB wanaweza kulenga shahada moja kwa moja. Chuo Kikuu cha CUHAS kilichopo pale mlimani Bugando kinafundisha fani hii, na MUHAS ya Dar es Salaam pia.

Kuchagua chuo: nenda mwenyewe, na uliza bila aibu

Hapa usiharakishe. Vyuo vya afya vimeongezeka, na tangazo la redio haligharimu sana. Hatua ya kwanza ni kwenye tovuti ya NACTVET. Hakikisha chuo kimesajiliwa, kisha hakikisha kwamba hiyo kozi ya radiografia yenyewe ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa kufundisha utabibu au famasia huku kozi unayoitaka ikiwa haijaruhusiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya pili ni miguu yako. Panda daladala uende chuoni siku ya kazi, si siku ya maonyesho. Omba kuonyeshwa chumba cha mazoezi ya eksirei. Kama kuna mashine, uliza inafanya kazi au imekaa kama samani. Kama haipo, na vyuo vingi havina, uliza mambo haya: mna mkataba wa maandishi na hospitali ipi? Wanafunzi wanaanza kwenda mwaka wa ngapi, wa kwanza au wa tatu? Chumba kimoja cha eksirei kinapokea wanafunzi wangapi kwa zamu? Hilo la mwisho ndilo linalofichwa. Wanafunzi kumi na watano wakisimama nyuma ya kioo kimoja, wawili watashika mashine na waliobaki watatazama migongo ya wenzao. Miaka mitatu itapita namna hiyo na utatoka na cheti ambacho mikono yako haikifahamu.

Kisha tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu pale kwa mama ntilie, mbali na ofisi. Waulize, "Wewe mwenyewe umepiga kifua ngapi?" Mwanafunzi aliyefanya kazi atakutajia idadi, maana ameiandika kwenye kitabu chake cha mazoezi. Asiyefanya atakuambia kuhusu walimu wazuri.

Uliza pia nani anafundisha. Mwalimu wa fani hii awe radiografa. Tabibu mzuri anaweza kukufundisha anatomia vizuri kabisa, lakini hawezi kukufundisha kulaza kiwiko.

Mji wetu una faida hapa. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, na wagonjwa wake hutoka mikoa yote ya ziwa. Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, na Nyamagana pale Butimba ni ya wilaya. Chuo kinachoweza kukuzungusha kwenye ngazi tofauti ni bora kuliko kinachokubakiza sehemu moja, kwa sababu kituo cha afya chenye mashine moja na umeme unaokatika hukufundisha vitu ambavyo hospitali kubwa haikufundishi.

Fedha, na vitu vingine vya kuandaa

Ada ndiyo inayoonekana, lakini piga hesabu ya mitihani, sare, bima ya afya, kitabu cha mazoezi, nauli na chumba. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akumbuke kwamba mazoezi ya asubuhi hayasubiri meli, hivyo lazima apange mjini. Mabatini au Igogo unaweza kwenda Bugando kwa miguu, na hilo linapunguza gharama kuliko chumba cha bei nafuu kule Igoma. Uliza ada ya miaka yote mitatu kwa maandishi, pamoja na malipo ya hospitali wakati wa mazoezi. Bodi ya mikopo, HESLB, sasa inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Angalia orodha ya mwaka husika kabla baba hajauza ng'ombe.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu, na ya mwisho huja takribani miezi sita baada ya ya kwanza. Anza mapema, usisubiri hadi wiki ya kwenda wodini.

Mwaka wa kwanza: fizikia ndiyo mlango

Wengi wanaopata sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni), kinachowaangusha ni fizikia ya mionzi, na huangushwa kwa sababu wanaikariri. Jitahidi kuielewa kwa picha. Kilovolti ndizo zinazoamua mionzi ipenye kwa nguvu kiasi gani. Mkondo wa umeme ukizidishwa kwa muda unaamua mionzi ni mingi kiasi gani. Mzee mwembamba wa kifua kikuu na mama mnene hawapigwi kwa namba zile zile, na mashine yenye vitufe vya picha za mwili haiwezi kukufikiria hayo yote.

Jifunze pia kanuni ya umbali hadi ikukae kichwani: ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye chanzo, mionzi inakuwa robo. Ukifika mita 3, inakuwa sehemu moja ya tisa. Kanuni hiyo moja itakulinda maisha yako yote ya kazi.

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi hii mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe. Waliomfuata walichezea mionzi bila kinga, wengine wakapoteza vidole na maisha. Sheria zote utakazofundishwa zimetokana na miili ya watu hao.

Mazoezi: hapa ndipo radiografa anapozaliwa

Chukua kifua, picha utakayoipiga kuliko zote kanda hii. Mgonjwa anasimama akiwa ameelekeza kifua kwenye sahani inayopokea picha na mgongo kwenye mashine, umbali wa sentimita 180. Kwa nini mbali hivyo? Ili moyo usionekane mkubwa kuliko ulivyo. Kwa nini kifua kiwe mbele? Moyo uko karibu na upande huo, nao ukikaribia sahani haukuzwi. Mikono inawekwa kiunoni na mabega yanasukumwa mbele ili mifupa ya mabega itoke juu ya mapafu, maana kifua kikuu hupenda kukaa sehemu za juu za pafu. Kisha: "Vuta pumzi nyingi, ibane, usitikisike." Piga. "Pumua."

Picha ikitoka, usiangalie ugonjwa kwanza. Kagua kazi yako. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikifika kumi, alivuta pumzi vizuri. Angalia ncha za ndani za mitulinga: ziko umbali sawa kutoka kwenye uti wa mgongo? Kama si sawa, alikuwa amejigeuza. Alama ya kulia au kushoto ipo? Picha isiyo na alama inaweza kumpeleka mtu chumba cha upasuaji kwa upande usio wake.

Nikiwa mwaka wa pili aliletwa mvuvi aliyeteleza kwenye mtumbwi akaumia kifundo cha mguu. Picha ya mbele ilikuwa sawa. Ya ubavu niliipiga ikawa imepinda. Nikarudia, ikapinda tena. Ya tatu ilinyooka, lakini nilisahau alama. Yule baba hakulalamika hata mara moja, alikuwa anauma kola ya shati lake. Msimamizi wangu alisubiri mgonjwa atoke, kisha akaniambia nipande mezani, niulaze mguu wangu mwenyewe kwa ubavu na nikae hivyo dakika tano. Meza ni ngumu na ya baridi, na goti linahitaji kuegemezwa na kitu, vinginevyo mguu wote unajizungusha wenyewe. Hilo sikuwa nimelisoma popote. Tangu siku hiyo mto wa mchanga huwa tayari kabla mgonjwa hajalala.

Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kulazana ninyi kwa ninyi, kila jioni mnapopata chumba kilicho wazi: kiwiko, bega, shingo, nyonga. Washeni taa ya kuelekezea tu. Kamwe msipigane picha za kweli kwa ajili ya kujifunza. Mtu hapigwi mionzi bila sababu ya kitabibu, hata akiwa rafiki yako na amekubali.

Kila mfupa unaoshukiwa kuvunjika unahitaji picha mbili za pande zinazokingamana, maana ufa unaweza kujificha upande mmoja na kuonekana upande mwingine. Ukiona hospitali inapiga upande mmoja ili kuokoa muda, jifunze vingine kwao, hilo liache.

Kuna hatari moja ya mashine za kisasa ambayo wazee wa filamu hawakuwa nayo. Zamani ukizidisha mionzi filamu inakuwa nyeusi, kila mtu anaona kosa lako. Mashine ya kidijitali hurekebisha, hivyo picha iliyozidishiwa mionzi huonekana nzuri sana, pengine nzuri kuliko nyingine zote. Ndiyo maana mwanafunzi asiyesimamiwa hupandisha namba kidogo kidogo bila kujua. Angalia kipimo cha mionzi iliyofika kwenye sahani, kile kinachoandikwa pembeni ya picha, na ulinganishe na kiwango cha mtengenezaji. Mwombe msimamizi akufundishe kukisoma wiki ya kwanza.

Jilinde

Kinga ina nguzo tatu: muda mfupi, umbali mrefu, na ukuta au aproni yenye madini ya risasi katikati. Kwa viwango vya kimataifa mfanyakazi wa mionzi haruhusiwi kuzidi wastani wa milisiveti (kizio cha kupimia dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka 5, na raia wa kawaida ni milisiveti 1. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 mpaka wake ni milisiveti 6, na wahitimu wetu wengi wa kidato cha nne wako umri huo, kwa hiyo uliza chuo wanalifuatiliaje hilo. Ili uzione namba hizi vizuri: picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.02, sawa na siku chache tu za mionzi ya asili inayotuzunguka sote. CT skani ya tumbo ni kama milisiveti 8, yaani vifua mia nne.

Beji ya kupimia mionzi ni yako peke yako. Usimwazime mwenzako wala usiiache imening'inia chumba cha mashine, maana itahesabu mionzi ambayo hukuipata. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ndiyo inayosimamia upimaji huo na ukaguzi wa mashine.

Wapo wasichana wanaoiacha kazi hii kwa kuambiwa itawanyima watoto. Ukifuata taratibu, nyuma ya ukuta wa kinga unapata mionzi kidogo mno. Ukipata ujauzito, mweleze msimamizi mapema ili upangiwe kazi ipasavyo. Tena, mashine ya eksirei ikizimwa mionzi imekwisha, kama taa inavyozimwa, haibaki chumbani wala kwenye nguo.

Lugha ya chumba cha eksirei

Mama aliyetoka Kwimba kwa basi la alfajiri anaingia chumba chenye giza, mashine inaunguruma, kijana anamwambia avue. Anza na "Mwangaluka, mayu," hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo. Jifunze kwa wanafunzi wenzako namna ya kusema "vuta pumzi" na "usitikisike" kwa Kisukuma, Kikerewe na Kijita, maana mgonjwa asiyekuelewa atapumua katikati ya picha na utalazimika kurudia. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa muulize kama ana ujauzito, umuulize faraghani, si mbele ya mkwewe.

Mgonjwa atakuuliza, "Nimevunjika?" Usitoe majibu. Mwambie daktari atamweleza. Lakini ukiona hatari, kwa mfano pafu lililosinyaa kwa hewa iliyoingia kifuani, usiache picha ikae foleni. Nenda mwenyewe kwa daktari.

Baada ya mitihani

Cheti cha chuo hakikuruhusu kufanya kazi. Lazima usajiliwe na baraza la taaluma ya radiolojia lililo chini ya Wizara ya Afya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, upate leseni, na uihuishe. Tunza matokeo ya kila muhula, cheti cha kuzaliwa na kitabu chako cha mazoezi kilichosainiwa. Majina yote yaandikwe kwa herufi zile zile, maana herufi moja tu ikitofautiana inaweza kukuchelewesha miezi. Ajira za serikali hutangazwa kwenye mifumo ya Sekretarieti ya Ajira na TAMISEMI. Usikatae kituo cha mbali. Kijana anayeanza Sengerema au visiwani Ukerewe hupiga kila kitu, mchana na usiku, na baada ya mwaka mmoja mikono yake huwa imekomaa.

Siku ya kwanza kazini, kabla hujabonyeza kitufe, omba kuona leseni ya mashine kutoka TAEC, omba beji yako, na kagua aproni kama hazijapasuka. Aproni hutundikwa, haikunjwi, kwa sababu risasi iliyo ndani huvunjika kwenye mkunjo na huwezi kuuona ufa kwa macho.

Kisha fungua daftari la picha zilizorudiwa: tarehe, sehemu ya mwili, na sababu. Langu la mwezi wa kwanza lilijaza kurasa mbili, na karibu nusu yake ilikuwa vifua vya watoto waliotikisika. Mwezi uliofuata nilianza kuwaita mama zao ndani, wasio wajawazito, nikawavalisha aproni, wakamshika mtoto mikono huku wakimsemesha. Ukurasa ule haukujaa.